Kikoba chetu kifanye nini baada ya kumpoteza mwenzetu?

Mama wa Kibosho: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mwezi uliopita tulimzika mwanakikundi mwenzetu aliyejiua. Alikuwa ameacha kuja vikaoni, nasi tukamwandikia faini ya utoro bila hata mmoja wetu kupiga hodi kwake. Sasa tunataka kuwalinda waliobaki, lakini baadhi yetu wanaamini kwamba kulitaja jambo hili ni kuwatia watu wazo. Je, ni kweli?

Muuguzi, Moshi mjini: Pole sana, mama. Si kweli. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumsukumi kujiua, bali humpunguzia wasiwasi na kumwonyesha kwamba anaeleweka. Muulizeni faraghani, kwa maneno ya wazi, kisha msikilizeni bila kumkemea. Akikiri, asiachwe peke yake, viuatilifu vya kahawa viondolewe nyumbani, na mtu amsindikize siku hiyohiyo hadi hospitalini, iwe Mawenzi au KCMC. Kumwelekeza njia tu hakutoshi, kwa sababu aliyechoka kiasi hicho huishia kurudi nyumbani.

Mzee wa Machame: Niongeze kuhusu hofu ya polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo familia nyingi hudai kwamba mgonjwa alikunywa kitu kwa bahati mbaya, naye hutibiwa mwili akaruhusiwa bila mtu yeyote kuongea naye juu ya kilichomsibu. Nimeliona hili ukoo mwetu, na bado linaniuma.

Mwalimu, Arusha: Zimbabwe wana mpango ulioanza mwaka 2006 mjini Harare, ambapo mabibi waliofundishwa huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakiwasikiliza juu ya kile ambacho Kishona hukiita *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi. Kina mama wa kikoba mnaaminika vivyo hivyo. Mwombeni mhudumu wa afya wa kijiji awafundishe.

Mama wa Kibosho: Ahsanteni sana. Jana tumefuta faini ya utoro. Asiyefika kikaoni atatembelewa na wenzake wawili kabla ya jioni, na Jumapili tunakwenda kwa mjane, kwa kuwa tangu matanga yaanuliwe hakuna aliyerudi pale.