Nyumba ya mkoloni Milimani: nibomoe dohani?

MamaChebet, Nakuru: Jamani, nimekodi nyumba ya zamani ya mzungu hapa Milimani nifungue mgahawa. Kuta za mawe ya kuchonga, sakafu ya mbao, sebuleni meko kubwa ya kuotea moto. Fundi anataka kubomoa meko na dohani, yaani bomba la moshi, apate nafasi ya meza. Roho inaniuma! Nimkatalie?

FundiMstaafu, Kisumu: Mkatalie, mama. Dohani imefungamana na ukuta. Ukiitoa chini, mawe ya juu yatabaki bila kishikilio. Tena kagua viungo vya mawe. Kama ni chokaa, msizibe nyufa kwa saruji. Saruji hufungia unyevu ndani, kisha uso wa jiwe unaanza kumeguka.

Wanjoro: Pita Ngata, hapo karibu na Nakuru, uone kasri la Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza. Lilianza kujengwa 1938, likakamilika 1954. Leo ni la Chuo Kikuu cha Egerton, na watu hulipa kuingia na kufanyia arusi. Kule Uingereza, Cliveden, jumba lililobuniwa na msanifu majengo Charles Barry, sasa ni hoteli, na meko yake ya karne ya 16 bado iko ukumbini. Wageni hufuata vitu hivyo hivyo.

MamaChebet: Asanteni sana. Dohani inabaki, meza za ziada zitakaa verandani.