Dawa na mazoezi ya kutoka nje, viende pamoja?

MamaDagaa, Ujiji
Shikamooni wakubwa. Nanunua dagaa Kibirizi asubuhi mitumbwi ikirudi. Tangu masika hofu hunivamia ghafla: moyo mbio, vidole ganzi, naona nakata roho. Moyo umepimwa, ni mzima. Sasa daladala ya Mwanga siipandi tena, mzigo anafuata binti yangu. Daktari ameniandikia setralini, dawa ya kutuliza hofu ya kumezwa kila siku, naanza na nusu kidonge, tena nifanye na mshauri mazoezi ya kutoka. Shangazi anasema nimeze dawa nipone kwanza, kutoka baadaye. Nimsikilize nani?

Kaka wa Mwanga
Pole sana dada. Msikilize daktari, mimi nimeupitia. Setralini huchukua wiki kadhaa kushika, na mwanzoni inaweza kukuzidishia wasiwasi, ndiyo maana unaanza na nusu. Ikikusumbua mwambie daktari, usiiache kimyakimya. Ila kidonge hakikupandishi daladala. Mshauri alinianzishia chumbani: nizunguke mpaka kizunguzungu, niruke palepale moyo udunde, kisha nikae tu niuone unatulia, bila kumwita mtu. Ndipo tukaenda kituoni, halafu ndani ya gari. Kazi kubwa ni kutoshuka hofu ikipanda. Kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hulegea yenyewe. Ukishuka kabla, utaamini kushuka ndiko kulikokuokoa.

MamaDagaa
Na diazepamu, ile dawa ya kutuliza haraka? Jirani anasema niweke moja kwenye pochi.

Nesi mstaafu
Usiibebe, mwanangu. Ikitumika mfululizo mwili huizoea, kuiacha huwa taabu. Na hata usipoimeza, ukifika salama utaishukuru dawa iliyo kwenye pochi. Mwaka 2000 mwanasaikolojia David Barlow na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa imipramini, dawa nyingine ya hofu kama hii, na tiba ya mazoezi ya kuikabili hofu. Matibabu yakiendelea, vyote viwili vilisaidia. Baada ya kusimamishwa, waliokuwa wamechanganya walirudiwa na hofu zaidi kuliko waliofanya mazoezi bila imipramini. Hiyo si sababu ya kuitupa setralini yako, hapana. Ila siku daktari akikupunguzia, taratibu, mazoezi yasisimame. Panda daladala zile zile dozi ikishuka.

MamaDagaa
Asanteni mno. Binti anaweza kunisindikiza?

Kaka wa Mwanga
Mara za mwanzo akae kiti cha pembeni. Halafu cha nyuma kabisa. Halafu apande gari linalofuata, mkutane Mwanga.