Naomba ushauri: bodi ndogo ya amplifaya inavuma

Wakuu, nimejichorea bodi ya amplifaya ya stirio, sentimita 5 kwa 7, yenye aisii (chipu) mbili za kukuza sauti, TDA2030A. Transfoma ni 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa waya wa kati. Baada ya dayodi napata kama volti 17 chanya na 17 hasi. Muziki unatoka safi, besi imeshiba, lakini spika zinavuma "mmmm" hata volyumu ikiwa sifuri. Nikiitazama bodi, njia ya ethi ya kuingizia sauti, nyembamba kama uzi, inapitia kwenye kapasita kubwa za kuchuja umeme. Nahisi tatizo liko hapo. Je, nitenganishe ethi ya sauti na ethi ya umeme zikutane sehemu moja tu, au nimebana vifaa mno? Pia, aisii zote mbili zikikaa kwenye hitsinki (chuma cha kupozea) moja, na migongo yake imeungana na hasi, bado nahitaji maika (kipande chembamba cha kuzuia umeme kati ya aisii na hitsinki)?