Raia na wageni wakazi katika nchi za Ghuba: je, wastani wa mapato ya kaya zao unalinganishika?

Swali

Ndugu wanajukwaa, ninaandaa makala ya darasani kuhusu mapato na matumizi ya kaya nchini Qatar, ambako takwimu rasmi hutenganisha kaya za raia na za wasio raia. Kaya za raia huonekana kupata na kutumia zaidi kwa mbali. Je, inatosha kugawanya wastani wa kundi moja kwa wa jingine, kisha kusema kwamba raia ana hali bora mara kadhaa kuliko mgeni?

Jibu la kwanza

Haitoshi, na kosa huanzia kwenye neno "kaya". Kaya ya raia kwa kawaida ina watu wengi, pengine wenye mishahara zaidi ya mmoja, na mara nyingi mtumishi anayelala humo humo. Kwa hiyo gawanya kwanza kwa idadi ya watu. Pengo litapungua, ingawa halitakwisha.

Jambo zito zaidi ni kwamba wafanyakazi wengi wa ujenzi na usafi huishi katika mabweni ya waajiri wao, na mabweni hayahesabiwi kama kaya za kawaida. Wageni unaowaona kwenye jedwali la kaya ni hasa wale walioruhusiwa kuleta familia, na ruhusa hiyo huambatana na sharti la mshahara. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi yeyote nchini, kilichoanza kutumika Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na 500 za malazi na 300 za chakula endapo mwajiri hatoi huduma hizo mwenyewe. Anayelipwa kiasi hicho hayumo katika wastani unaousoma, kwa hiyo pengo halisi kati ya raia na wageni wote ni pana kuliko jedwali linavyoonyesha.

Jibu la pili

Naafikiana na mwenzangu, lakini niongeze upande wa matumizi, ambako wanafunzi wengi hupotea. Raia anayeishi katika nyumba yake halipi pango, hata hivyo mwongozo wa kimataifa wa takwimu za mapato na matumizi ya kaya, uliopitishwa chini ya Shirika la Kazi Duniani mwaka 2003, unataka thamani ya makazi hayo ikadiriwe na kuingizwa kwenye pato. Nyumba anayopewa mgeni na mwajiri nayo ni pato, japo haipiti mkononi mwake. Kagua maelezo ya utafiti wako kabla ya kulinganisha chochote, kwa sababu makadirio hayo yakiachwa, picha yote hubadilika.

Elimu ni kinyume chake. Shule ya serikali anayosoma mtoto wa raia bila ada haionekani katika matumizi ya kaya, ilhali ada ya shule binafsi anayolipa mgeni huonekana yote. Mtu akisoma jedwali harakaharaka atadhani wageni wanapenda elimu kuliko wenyeji! Fedha ambazo mgeni huwatumia wazazi na ndugu nazo huwekwa nje ya matumizi ya ulaji, yaani bidhaa na huduma ambazo kaya yenyewe hutumia, ndiyo maana mgeni huonekana mbanifu hata pale ambapo mwisho wa mwezi habakiwi na kitu.

Muuliza swali

Nawashukuru. Je, sera za serikali zinaweza kulipanua pengo hilo katika muda mfupi?

Jibu la tatu

Saudi Arabia ni mfano mzuri. Kuanzia Julai 2017 mgeni alitozwa riyali 100 kila mwezi kwa kila mtegemezi, na tozo ikapanda hatua kwa hatua hadi 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto watatu akawa anadaiwa 1,600 kwa mwezi. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza Januari 2018 kwa asilimia 5, ilipandishwa hadi asilimia 15 Julai 2020. Kodi hiyo huwagusa wote dukani, lakini raia wenye kipato cha chini na cha kati hufidiwa kupitia mpango wa malipo ulioanza Desemba 2017, ambao wageni wengi hawamo.

Kwa mtafiti, tatizo ni kwamba mgeni akirudisha familia kwao na kuhamia chumba cha kushirikiana, kaya yake inatoweka kwenye takwimu za nchi anayofanyia kazi, na ada na chakula alivyokuwa akilipia hapo vinageuka kuwa fedha zinazotumwa nje. Ukilinganisha miaka ya kabla na baada ya tozo, angalia kwanza kama bado unapima watu wale wale.