Wazazi wako Dodoma, mimi nimehamia Dar es Salaam: tutembeleane vipi?

Mgeni wa Kimara: Habari zenu, ndugu. Nimehamishiwa Dar es Salaam kikazi, na wazazi wamebaki Dodoma. Mama husema simu haitoshi, ilhali likizo yangu ni ya mara moja kwa mwaka. Wenzangu mnafanyaje?

Mkazi wa Mbezi: Hongera kwa uhamisho. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, safari ambayo kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli huchukua karibu siku nzima imefupika kiasi kwamba unaweza kuondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Ila kata tiketi mapema, hasa karibu na sikukuu.

Dada wa Temeke: Ni kweli, lakini wazazi nao waje. Wazee wengi hukataa kwa kuogopa kuwa mzigo (na joto la Dar, ambalo kwa mtu wa Dodoma si mchezo). Mwalike mama kati ya Juni na Agosti, hali ya hewa inapopoa, umtengee chumba, wala usimpangie matembezi kila siku.

Mgeni wa Kimara: Ahsante, dada. Baba hawezi kuacha mifugo, kwa hiyo mama atatangulia Julai.