Meningokoka wangu hawagandani na seramu yoyote. Nimeharibu sampuli?

Mzamivu_Mwaka2:
Wakuu, nasomea uzamivu, na kazi yangu ni meningokoka (Neisseria meningitidis, bakteria wa homa ya uti wa mgongo) waliotolewa kooni mwa watu wazima wasioumwa chochote. Nimewaotesha kwenye agari ya chokoleti (chakula cha kuoteshea bakteria chenye damu iliyopashwa moto), nyuzi 37, kabonidioksaidi asilimia 5. Koloni zimetoka safi, za kijivu, zinang'aa. Kipimo cha oksidesi chanya, glukosi na maltosi chanya, yaani ndio wenyewe. Sasa nikidondoshea seramu (maji yenye kingamwili za kugandisha bakteria wa kundi fulani) ya kundi A, B, C, W, X au Y, karibu nusu yao hawagandani na yoyote. Tone linabaki jeupe kama maziwa. Nimerudia mara tatu, nimebadilisha na chupa za seramu. Msimamizi wangu akiulizwa hujibu "rudia" basi. Niwatupe?

Shangazi_Petri:
Usitupe hata mmoja! Mdogo wangu, seramu inashika lile gamba la sukari linalomfunika bakteria. Asiye na gamba atashikwa wapi? Akiwa kwenye damu gamba ndilo ngao yake dhidi ya kinga ya mwili, lakini kooni linamzuia kujibandika vizuri kwenye seli, kwa hiyo wengi wa huko hawana habari nalo. Na hapo ndipo pana utamu: wengine jeni za gamba wanazo ila wamezizima. Ndani ya jeni moja kuna mfululizo wa herufi C za DNA. Ikizidi au kupungua moja wakati wa kunakili, usomaji wote unavurugika. Kesho ikirudi sawa, gamba linarudi. Wengine jeni hizo hawana kabisa. Kwenye seramu makundi haya mawili yanafanana, ila kwa mtu anayetafuta nani anaweza kugeuka hatari ni mbingu na ardhi. Fanya PCR (kipimo cha kunakili DNA ili kuitambua) ya jeni za gamba. Mimi nilitupa boksi zima la "wasiogandana" kabla sijaambiwa haya, na mpaka leo linaniuma.

Mkuu_wa_Friza:
Naunga mkono. Ila maswali mawili. Uliweka tone la maji ya chumvi bila seramu, pembeni? Wasio na gamba hupenda kugandana wenyewe kwa wenyewe, ukadhani ni seramu. Pili, unafanyia ndani ya kabati la usalama, na umechanjwa? Huyu mdudu si wa kuchanganya hai mezani. Na sahani usiziweke kwenye jokofu, baridi ile inamuua. Mweke kwenye gliseroli, friza ya nyuzi -80, akiwa bado mchanga.

Mzamivu_Mwaka2:
Kabati na chanjo, ndiyo. Maji ya chumvi... nilifanya kwa wale wa mwanzo tu, nikachoka. Nimeyarudia leo mchana kwa wote. Wanne niliokuwa nimewaandika "kundi B" wamegandana na maji matupu! Hao nao wanaingia kwenye PCR ya Jumatatu. Shangazi, asante, boksi langu lipo salama.