Contra kwenye TV flat: kuruka kunachelewa, au vidole vimezeeka?

Mtoto wa Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua Kariakoo gemu la kaseti, lile la Kichina la pini 60 la mtindo wa Famicom ya Nintendo, kwa ajili ya Contra tu, lile gemu la wanajeshi wawili na risasi. Enzi za vibanda vya gemu nilikuwa nafika mpaka kwenye theluji kwa maisha matatu. Sasa nimeliunga kwenye flat ya inchi 43, nikibonyeza A jamaa anaruka risasi ikiwa imeshampata.

La pili, nacheza na binti yangu wa darasa la tano. Msituni anapita, ndani ya ngome anapita, tukifika maporomokoni anakufa mfululizo mpaka anatupa pedi na kwenda zake kwenye katuni. Nibadilishe pedi, au nirudi kwenye TV ya chogo? Na yale maisha 30 ya kubonyeza namba ya siri, nimpe au nitamharibu?

Fundi Buguruni:
Pedi iache. Gemu hilo linatoa picha ndogo sana, nukta 256 kwa 240. Flat lazima iikuze na kuisafisha kwanza ndipo ikuonyeshe, na muda unapotelea hapo. Chogo haina foleni hiyo, kinachoingia kinachorwa papo hapo. Ingia menyu ya picha, chagua hali ya gemu, kisha zima kila kitu cha kulainisha mwendo na kupunguza chenga. Haitakuwa kama chogo, ila utaona tofauti.

Konda Mstaafu:
Kabla ya TV, nijibu hili. Maporomokoni nani anatangulia?

Mtoto wa Tandika:
Mimi. Si ndiye mzoefu?

Konda Mstaafu:
Basi mtoto unamuua wewe, kiongozi 😂 Hatua ile inapanda, na skrini inamfuata aliye juu. Ukingo wa chini ukimpita aliyebaki, kafa, hata kama hakuna risasi iliyomgusa. Atangulie yeye, wewe kaa jukwaa moja chini umfyatulie maadui.

Halafu mfundishe herufi za silaha. Watoto wanaokota kila kinachoruka. Akishapata S, ile inayotawanya risasi, apishane na M, F na hasa L, maana akigusa yoyote kati ya hizo S imekwenda. R achukue tu, inaongeza kasi ya risasi. B pia, inamkinga kwa muda.

Chips Yai:
Maisha 30 ni kumdekeza. Sisi tulikomaa.

Dada wa Sinza:
Mlikomaa wapi, wakati namba mlikuwa mnaandikiana kwenye madaftari ya shule? Kaka, mpe. Namba ile ilianzia kwenye gemu jingine, Gradius ya 1986. Kazuhisa Hashimoto wa Konami, kampuni iliyotengeneza Contra pia, aliiweka kwa sababu alipokuwa akilijaribu gemu lilimshinda. Ikiwa fundi mwenyewe lilimshinda, mtoto wa darasa la tano ana kosa gani?

Kwenye skrini ya jina: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kwa kuwa mko wawili, bonyeza Select kwanza ndipo Start. Kama pedi yako ina vitufe vinne, viwili kati yake vinajibonyeza mfululizo, ukivitumia hapo namba inaharibika. Vitumie baadaye kufyatulia, bunduki ya kuanzia inahitaji hiyo huruma.

Konda Mstaafu:
Nyongeza: kaseti ikigoma usipulize. Mate na hewa yetu hii ya chumvi vinakula shaba. Pamba na spiriti, subiri ikauke.

Mtoto wa Tandika:
Mrejesho. Hali ya gemu imesaidia, bado kuna uzito kidogo. Binti katangulia, tumevuka maporomoko na ngome ya pili, kwenye theluji tukaishiwa wote. Sasa anadai maisha 30 na mimi nimekubali, Chips Yai unisamehe. Ila ile bastola ya bata iliyokuja kwenye boksi haipigi hata bata mmoja. Ni mbovu?

Fundi Buguruni:
Si mbovu. Inasoma mwanga wa chogo kwa wakati wake kamili, kwa flat haitafanya kazi hata ukiigusisha kwenye kioo. Ninayo chogo ya inchi 21, rangi bado safi. Karibu dukani, ila usije na bodaboda. Njoo na bajaji.

Mtoto wa Tandika:
Jumamosi nipo hapo. Bei PM.